Prospect of Whitby: baa ya Mto Thames inayouza kitanzi wakati jina lake ni la makaa ya mawe

Kisa chenyewe ni baa moja ipo London mashariki, mtaa wa Wapping Wall namba 57, mgongo wake umeegemea mto Thames kabisa, yaani maji yakijaa yanapiga ukuta wake. Inaitwa Prospect of Whitby. Kwenye maelezo yake utakutana na mwaka 1520, na utakutana na madai kwamba hii ndo kongwe kuliko baa zote za kando ya mto pale London. Mtalii anafika, anaagiza bia, anatokea nyuma kwenye upande wa mto, anakuta kitanzi kinaning'inia juu ya ufukwe, anapiga selfi, anaondoka na stori ya maharamia na jaji katili. Mi kilichonifanya niichambue ni kwamba umri huo, kitanzi hicho na huyo jaji, kila kimoja ukikivuta kidogo tu kinalegea, halafu kuna stori nyingine imeandikwa pale nje kwa herufi kubwa, kila mtu anaisoma na karibu hakuna anayeiuliza.

Tuanze na umri manake ndo mtaji wenyewe. Baa ikijitangaza ina miaka 500 inabidi umuulize mwenye tangazo, miaka 500 ya nini? Ya kiwanja kuuziwa pombe? Ya jengo? Ya jina? Watu wanachukua vyote kwa mpigo na namba inayobaki mdomoni ni ile kubwa kuliko zote. Kwa hii yetu majibu yanapishana vibaya sana. Kitu cha zamani kabisa kilichobaki ni sakafu ya mawe, inahesabiwa kuwa na miaka kama 400 hivi, mawe makubwa bapa yaliyosuguliwa na viatu vya vizazi na vizazi. Mbao za ukutani ni za karne ya 18. Uso wa jengo unaoangalia barabara ni wa karne ya 19, kwa sababu moto ulipita hapo mwanzoni mwa karne hiyo na ikabidi wajenge upya. Kaunta imesimama juu ya mapipa na juu imefunikwa pewta, ile metali laini ya kijivu ambayo zamani vikombe vya bia vilitengenezwa nayo. Kwa hiyo ukikaa kaunta na kikombe chako, unachokanyaga, unachoegemea na ulichokipita mlangoni ni vya karne tatu tofauti, na hakuna hata kimoja kinachofika 1520.

Jina ndo kabisa. Mwanzo ilikuwa ni Pelican, na ngazi za mawe zinazoshuka mtoni pembeni ya baa mpaka leo zinaitwa Pelican Stairs. Mtaani watu waliipa jina la Devil's Tavern, baa ya Shetani, kwa sababu ya wateja wake, wezi wa mizigo na wauza magendo na watu wa aina hiyo. Prospect of Whitby ni jina lililokuja baadaye sana, ntalirudia manake ndo kiini cha uchambuzi wote huu.

Sasa huo mwaka 1520 unasimama vipi? Kuna shahidi mmoja mzuri ambaye wapenda baa hawapendi kumwita. Mwaka 1598 John Stow, mzee wa London aliyezunguka jiji lake kwa miguu mtaa kwa mtaa akaandika alichokiona, alifika pande za Wapping. Anasema kutoka St Katharine's kwenda Wapping, pale palipokuwa mahali pa kunyongea maharamia, miaka 40 kabla ya yeye kuandika hapakuwa na nyumba hata moja, ila siku hizi (siku zake yeye) kuna njia moja nyembamba chafu imejaa vijumba vya watu wanaouzia mabaharia vyakula na vinywaji, inafuata mto karibu mpaka Ratcliff. Ukipiga hesabu unarudi kwenye miaka ya 1550. Na inaleta maana kabisa kwa sababu eneo lote lile lilikuwa bwawa la tope, likakaushwa kwenye karne ya 16, likazuiwa na tuta, na watu wakahimizwa wajenge juu ya tuta ili uzito wa nyumba ulishike. Wapping Wall ni tuta hilo hilo.

Hiyo haiuwi madai moja kwa moja, nisije nikaonekana namwonea mtu. Baa yetu iko mashariki zaidi ya kipande anachokiongelea Stow, na kibanda kimoja cha kuuzia pombe juu ya tuta hakihitaji mtaa mzima kukizunguka, mabaharia wakiona mwanga usiku wanatia nanga. Ila picha inayokuja kichwani ukisikia "baa tangu 1520", ya nyumba ya wageni imejaa watu na mishumaa na magitaa, hiyo sahau. Kama kulikuwa na kitu basi kilikuwa banda juu ya matope. Mi ningekuwa mwenye baa ningeandika karne ya 16 nikanyamaza, inatosha na hakuna wa kunisumbua.

Twende kwenye kitanzi. Kile kinachoning'inia nyuma ya baa ni cha maonyesho, na kinarejelea Execution Dock, mahali ambapo mahakama ya mambo ya bahari ya Uingereza ilinyonga watu wake kwa zaidi ya miaka 400. Utaratibu ulikuwa hivi. Mtu anatolewa jela ya Marshalsea ng'ambo ya pili, anavushwa London Bridge kwenye mkokoteni, mbele yao ofisa amebeba kasia la fedha ambalo ndo alama ya mamlaka ya bahari, msafara unapita karibu na Tower, ngome na jela ya London, unaingia Wapping, na njiani wanamsimamisha apate bia ya mwisho. Mti wa kunyongea ulisimikwa kwenye alama ya maji kupwa, kwa sababu huko chini ndo mamlaka ya hao watu wa bahari ilikoanzia, nchi kavu ilikuwa ya mahakama zingine. Kamba ilikuwa fupi makusudi, shingo haivunjiki, mtu anakufa kwa kukosa pumzi na miguu inacheza, watu wamejaa ufukweni na wengine kwenye mashua wanaangalia. Kisha mwili unaachwa mpaka maji yajae juu yake mara tatu. Wa mwisho kunyongwa pale walikuwa wawili, George Davis na William Watts, tarehe 16 Desemba 1830.

Tatizo ni kwamba hayo hayakutokea kwenye baa hii. Execution Dock ilikuwa upande wa magharibi, kwenye eneo la Wapping Old Stairs na New Stairs, dakika kumi hivi kwa mguu. Sehemu kamili inagombaniwa mpaka leo na wanaoigombania karibu wote ni wenye baa, kuna Town of Ramsgate, kuna Captain Kidd ambayo yenyewe ni ghala lililogeuzwa baa miaka ya 1980, na hii Prospect nayo imejitundikia kitanzi chake. Yaani mtu mmoja kanyongwa, baa tatu zinamlilia.

Na huyo mtu hasa ni William Kidd, na hapa wasomaji wa pwani yetu wana la kusema. Kidd alitoka London mwaka 1696 na meli ya Adventure Galley, kapewa kibali cha serikali awakamate maharamia, akazunguka Afrika kusini akafika Madagaska, halafu mwaka 1697 akaja visiwa vya Komoro. Anzuani alipita, na Mwali ndo alikolaza meli ubavu kusafisha tumbo lake, na huko ugonjwa ukaingia, ndani ya wiki moja hivi akapoteza watu kama 50. Baada ya hapo ndo mambo yakaharibika, akapanda kuelekea mlango wa Bahari ya Shamu kuvizia meli za mahujaji na wafanyabiashara, mwezi wa kumi akampiga mpiga mizinga wake William Moore na ndoo mpaka akafa, na Januari 1698 akakamata Quedagh Merchant, meli tajiri ya India. Hukumu yake ilikuwa ya kuua na ya uharamia, na tarehe 23 Mei 1701 akanyongwa Wapping, kamba ya kwanza ikakatika akaanguka kwenye tope akiwa bado hai, wakampandisha tena. Mwili ukaenda kutundikwa Tilbury mabaharia wanaoingia mtoni wauone. Kwa hiyo kama stori ya Kidd ina mwenyewe, Mwali ina haki zaidi kuliko baa yoyote ya Wapping, manake pale Mwali alikanyaga kweli na watu wake wakafa pale.

Jaji sitamaliza naye muda. Jaji Jeffreys ndo yule aliyewahukumu wafuasi wa Monmouth, waliomwasi mfalme mwaka 1685, watu wakanyongwa kwa mamia, na inasemwa alikuwa mteja wa Prospect anakunywa huku anaangalia mtoni. Kitu chenye ushahidi ni kwamba Desemba 1688, mfalme wake James wa pili alipokimbia, Jeffreys naye alivaa kibaharia akajificha Wapping akisubiri meli, akatambuliwa ndani ya baa na mtu aliyewahi kusimama mbele yake mahakamani, nusura umati umrarue, akapelekwa Tower na akafia humo Aprili 1689. Ila baa inayohusishwa na kukamatwa kwake ni ile ya Town of Ramsgate. Prospect wanabaki na "alikuwa anakuja". Na Whistler hivyo hivyo, mchoraji, anatajwa kwenye listi ya wateja maarufu, lakini ule mchoro wake unaoitwa kabisa Wapping, wa miaka ya 1860 mwanzoni, aliuchora akiwa baraza ya baa ya Angel, Rotherhithe, ng'ambo ya mto. Hapo sasa unaanza kuona tabia ya baa zote za mto huu. Mto ni mmoja, maarufu walikuwa wachache, kila kaunta inataka kipande.

Sasa ile stori nyingine, ya jina lililoandikwa nje.

Prospect ilikuwa meli. Meli ya makaa ya mawe, ya Whitby, mji mdogo wa bandari kwenye pwani ya Yorkshire, iliyokuwa ikifunga nanga karibu na baa hii, na watu wakawa wanaelekezana kwa kuitaja, nenda pale ilipo Prospect ya Whitby, mpaka baa yenyewe ilipojengwa upya baada ya moto ikachukua jina. Hakuna mtu wa matangazo aliyekaa ofisini akalibuni. Linganisha na jirani yao wa ng'ambo, Rotherhithe, baa inayoitwa Mayflower, ile meli iliyowapeleka Wapuriti Marekani mwaka 1620. Meli kweli ilitoka Rotherhithe na nahodha wake Christopher Jones kazikwa kanisa la hapo hapo, lakini baa hiyo ilikuwa inaitwa Spread Eagle and Crown, hilo la Mayflower imepewa mwaka 1957. Wamarekani wanakuja, wanapenda, sawa. Ila kati ya majina mawili la Prospect ndo lililotoka vinywani mwa watu waliofanya kazi pale.

Na kazi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko uharamia wote ukiujumlisha. London ilikuwa inapikia, inaotea moto, inachomea matofali na kutengenezea bia kwa makaa yaliyokuja kwa bahari kutoka mto Tyne, Newcastle. Hata kanisa la St Paul's lililojengwa upya baada ya moto wa 1666 lilijengwa kwa ushuru wa makaa. Meli za Whitby zilikuwa na umbo lake, pana, tumbo bapa, mbao nzito, kwa sababu zilitakiwa zibebe sana na maji yakipwa zikae juu ya tope bila kuvunjika. James Cook alijifunza ubaharia kwenye hizi meli, akianza Whitby mwaka 1746, na Endeavour aliyoizungushia dunia ilikuwa meli ya makaa ya Whitby iliyonunuliwa na jeshi la wanamaji ikabadilishwa jina. Tena mkewe Elizabeth Batts, aliyemuoa Desemba 1762, alitoka familia yenye baa ya Bell, pale pale Execution Dock. Kwa hiyo mtu mkubwa wa bahari wa karne ile alitoka kwenye makaa akaoa kwenye baa, na hakuna aliyemtundikia kamba ufukweni kumkumbuka, ajabu kidogo.

Kushusha hayo makaa ndo kulikuwa kunawatoa watu roho. Meli nyingi hazikuwa zinafika gatini, zilisimama mtoni na makaa yakashushwa kwenye matishali. Kufikia karne ya 19 genge moja lilikuwa na watu tisa. Wanne wako chini ngamani kwenye vumbi wanajaza kikapu kwa majembe, wanne wako juu sitahani wanashika kamba moja iliyopita kwenye kapi, wanapanda vidato vifupi kama ngazi halafu wote wanne wanaruka chini kwa pamoja, na uzito wa miili yao ndo unaotupa kikapu juu kutoka ngamani, wa tisa anakidaka na kukimwaga. Panda, ruka, mwaga, siku nzima, na mtu ana vumbi jeusi kooni mpaka linamzuia kumeza. Kiu ya hawa watu ilikuwa ya ukweli. Na baa zilijua.

Hapa ndo penye kisa. Kibarua wa makaa hakwenda kuomba kazi kwa nahodha, alikwenda baa. Mwenye baa ndo alikuwa mnyapara. Nahodha anampa yeye kazi ya kushusha meli, yeye anachagua genge, anakodisha hata majembe kwa pesa, na malipo yanafanyika pale pale kaunta baada ya makato ya bia uliyokunywa na ambayo hujanywa. Anayekunywa sana anaitwa mapema kesho. Asiyekunywa, au anayepeleka pesa nyumbani, anakaa nje anaangalia wenzake wanapanda mashua. Mkewe anapokea chenji. Mtu unamaliza kazi ya kukuvunja mgongo na unatoka na deni. Sisemi mwenye Pelican alifanya hivyo yeye kama yeye, nasema huo ndo ulikuwa mfumo wa baa za Wapping na Shadwell na kila mtu aliufahamu, hadi bunge. Waliopita bandari ya Mombasa au Dar enzi za kibarua cha siku wataelewa bila kuelezwa sana, makuli wa huko nao waligoma 1939 na 1947 kwa mambo yanayofanana, ujira na kazi ya leo ipo kesho haipo.

Wapping walilipuka mwaka 1768. Mkate ulikuwa ghali, baridi ilikuwa imewakaba, wapakuaji wengi wao Waairishi wakagoma wakitaka nyongeza, na wakati huo huo kulikuwa na mvutano wa nani ana haki ya kusajili vibarua, wanyapara wa zamani au ofisi mpya. Wakala wa hiyo ofisi mpya alikuwa John Green, na yeye mwenyewe alikuwa na baa Shadwell, angalia tena, hata mageuzi yalipitia baa. Usiku mmoja wa Aprili wakaizingira nyumba yake, wakapiga risasi, na yeye akajibu kwa bunduki kutoka dirishani mpaka asubuhi, watu wakafa. Green alishtakiwa kwa mauaji akaachiwa. Wapakuaji saba walinyongwa tarehe 26 Julai 1768, na hawakupelekwa Tyburn walikokuwa wakinyongwa wahalifu wa London, walinyongewa Sun Tavern Fields, Shadwell, mtaani kwao, ili majirani waone.

Umeshaona? Kama baa ya Wapping Wall inataka kitanzi, kitanzi halali cha mtaa huo kipo, na kina watu saba ndani yake, na waliokining'iniza hawakuwa wanafukuza maharamia. Shadwell iko jirani kabisa na hii baa kuliko hata Execution Dock ilivyo. Lakini haipigwi picha. Haramia anauzika, ana kofia, ana hazina iliyofukiwa mahali. Kibarua mwenye vumbi la makaa aliyedai nyongeza ya ujira utamchora vipi kwenye mkeka wa bia?

Na haikuishia hapo. Mwaka 1798 ikaanzishwa polisi ya mtoni, ofisi Wapping, Patrick Colquhoun na John Harriott ndo walioisimamisha, kazi yake kulinda mizigo isiibiwe. Kwa wapakuaji, kuokota makaa kidogo ya kwenda nayo nyumbani ilikuwa desturi, sehemu ya mshahara kabisa, sasa ghafla ikawa wizi. Miezi michache tu, Oktoba 1798, mpakuaji mmoja akahukumiwa faini kwa makaa, umati ukaja kuvunja ofisi, ukatokea ufyatulianaji risasi, Gabriel Franks aliyekuwa upande wa polisi akafa, na James Eyres akahukumiwa kifo kwa hilo. Polisi hao wa mtoni wapo Wapping hadi leo.

Baa zenyewe zilikuja kuguswa mwaka 1843. Bunge likapitisha sheria ya wapakuaji makaa, ikawekwa ofisi ya kuandikisha na kulipia, kazi ikatolewa kaunta. William Gladstone, mwanasiasa aliyekuja kuwa waziri mkuu, ndo aliyeisukuma na alijivunia. Miaka michache baadaye Henry Mayhew, mwandishi wa habari, akawahoji hawa watu mmoja mmoja, na kwenye maneno yao unasikia tofauti, mtu anaeleza jinsi zamani alivyokuwa halali nyumbani akiwa na akili timamu, na jinsi alivyoshangaa kuona pesa yote mkononi. Sheria ikaisha muda 1856 na haikurudishwa, lakini wakati huo meli za mvuke na reli zilishaanza kuleta makaa kwa njia nyingine na kazi ya kuruka na kamba ikawa inakufa yenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza hukumu yangu juu ya historia ya Prospect of Whitby, umri naupa alama ya nusu, karne ya 16 inawezekana, 1520 ni ya tangazo. Kitanzi cha maharamia ni cha kuazima. Jaji ni wa kuazima pia. Sakafu ni ya kweli na jina ni la kweli, na ukishuka Pelican Stairs maji yakiwa yamepwa, ukiangalia chini kwa makini kwenye changarawe utaona vipande vyeusi vya makaa vilivyosuguliwa na maji, ufukwe wa Thames umejaa hivyo vitu kwa sababu kila kikapu kilichomwagwa kwenye tishali kilidondosha. Angalia tu, usichimbe wala kuokota, huko ni lazima uwe na kibali cha mamlaka ya bandari ya London.

Lakini lazima niwe mkweli kwenye jambo moja, uongo ule ulifanya kazi. Bandari ya London Docks iliyokuwa nyuma ya mtaa huu ilifunguliwa 1805 na ikafungwa 1969. Makuli wakaondoka, mabaharia wakaondoka, maghala yakakaa matupu halafu yakageuzwa fleti za bei mbaya. Kituo cha kusukuma maji ya kuendeshea mashine kilicho mkabala na baa, cha 1890, kilizimwa 1977. Baa ya mabaharia isiyo na mabaharia inaishi kwa nini? Kwa watalii. Na mtalii hasafiri kutoka hoteli yake ya katikati ya jiji kuja kuangalia kumbukumbu ya wapakuaji makaa, anakuja kwa sababu ya kamba. Nyingi za baa ndogo ndogo za mto huu zilizokuwa na stori za kweli lakini hazikuwa na stori za kuuza, leo ni nyumba za kuishi watu, hata kibao hazina.

Jengo la Prospect liliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kulindwa, daraja la pili, mwaka 1950, na siku hizi liko mikononi mwa Greene King, kampuni kubwa ya baa na bia. Ulinzi huo unakataza kubomoa na kubadilisha bila kibali. Sakafu basi iko salama, uso wa mbele uko salama. Maelezo ya ukutani hayana sheria inayoyalinda wala inayoyazuia, yanaweza kubadilishwa na meneja yeyote asubuhi moja, kwa hiyo kuongeza ubao mmoja unaosema Prospect ilikuwa meli gani, ilibeba nini na nani waliishusha, hiyo haihitaji kibali cha mtu.